Baridi yabisi: kufuata pumzi au kupitia mwili kiungo kwa kiungo?

Mbinu hizi mbili za kutuliza akili zimo katika programu ya wiki 8 ya kupunguza msongo wa mawazo aliyoianzisha Jon Kabat-Zinn nchini Marekani mwaka 1979, lakini kwa mwenye baridi yabisi hazifanani hata kidogo.

Kufuata pumzi ni rahisi: unakaa, unasikia hewa ikiingia na kutoka puani, akili ikitoroka unairudisha bila kujilaumu. Dakika 5 zinatosha. Inafaa sana asubuhi, vidole vikiwa vimekakamaa na hata kifungo cha shati hakifungiki.

Kupitia mwili ni kazi nyingine. Unalala chali, unapeleka fikira taratibu kutoka nyayo hadi utosini, hata dakika 45. Ukifika kwenye kifundo cha mkono kilichovimba, unatulia nacho: kina joto? Kinapwita? Maumivu yanaishia wapi? Hapo ndipo mtu hugundua kwamba amekaza mabega na taya kwa kuogopa kiungo kimoja tu. Pumzi peke yake haikuonyeshi hilo, ndiyo maana mimi naipa mbinu hii uzito zaidi. Ila siku ugonjwa umepamba moto, kuyaandama maumivu kunaweza kuyakuza; siku hiyo rudi kwenye pumzi.

Dawa za daktari ziendelee vilevile, maana katika ugonjwa huu kinga ya mwili hushambulia viungo, na haizuiwi na utulivu wa akili.