Eneloop nyeupe kwenye flashi ya harusi: betri inayostahimili joto la Mombasa

Kazi yangu ni kupiga picha kwenye kupamba, upande wa wanawake, hapa Mombasa. Ukumbi hujaa pomoni, mapazia yamefungwa ili wapita njia wasichungulie, na bibi harusi akishaingia nina dakika chache tu za kumpata vizuri kabla shangazi zake hawajamzunguka. Flashi ikichelewa kujaa hapo, picha imekwenda. Kwa hiyo leo naandika kwa kirefu kuhusu betri, kitu ambacho wenzangu wengi hununua bila kuuliza.

Ninazotumia ni Eneloop nyeupe za AA. Sanyo walianza kuziuza mwaka 2005, na sasa zinatoka kwa jina la Panasonic. Pakiti yangu imeandikwa 2000 mAh, yaani kiasi cha chaji betri inachobeba, na kwamba zinachajika hadi mara 2100. Hiyo 2000 huwavunja watu moyo, kwa sababu kaunta hiyo hiyo utakuta betri za majina usiyoyajua zilizoandikwa 3000 na zaidi, tena kwa bei ya chini. Hizo pia nimezitumia. Zilianza vizuri, kisha flashi ikawa inasuasua hata betri zikitoka kwenye chaja saa ile ile.

Tofauti iko ndani ya kopo. Upande chanya wa betri hizi ni unga wa nikeli haidroksidi. Betri ikiwa tupu, unga huo uko katika umbo la beta: matabaka yamelazwa kama mikeka, kutoka tabaka moja hadi jingine ni takriban nanomita 0.46. Ukichaji, kila nikeli huachia elektroni moja na protoni moja, na mikeka hubaki pale pale. Ukitumia chaji, vinarudi. Ndiyo sababu beta huvumilia kuchajiwa mara nyingi mno.

Balaa huanza chaji ikizidi. Umbo hugeuka gama: maji na potasiamu hupenya kati ya mikeka, nafasi hupanda hadi karibu nanomita 0.7, na elektrodi yote, yaani huo upande chanya, huvimba. Kwa nje huoni kitu kwa kuwa kopo ni chuma. Kwa ndani, elektrodi iliyovimba hufyonza majimaji ya alkali kutoka kwenye kitambaa kinachotenganisha pande mbili za betri. Kitambaa kikikauka, umeme hupita kwa taabu. Saa ya ukutani wala haitahisi, lakini flashi huvuta mkondo mkubwa kwa ghafla, kwa hiyo ndiyo ya kwanza kulemewa.

Liko pia umbo la alfa, ambalo watafiti wanalitamani kwa sababu linaweza kutoa zaidi ya elektroni moja kwa kila nikeli. Shida yake, likikaa kwenye alkali kali hurudi kuwa beta, isipokuwa limetiwa alumini au madini mengine ya kulishikilia. Mjerumani Hans Bode na wenzake walichora mzunguko wa maumbo haya mwaka 1966, wakiyahesabu manne kwa kuwa beta tupu na beta iliyojaa ni mawili, na bado ndio unaotumika kuelezea elektrodi ya nikeli. Kwa beta tuliyonayo, gramu moja kinadharia inabeba 289 mAh, basi. Kopo la AA ni lile lile kwa kila kiwanda. Ukiona 3000 na ushei kwa bei ya kutupa, jiulize unga huo umeshindiliwa wapi.

Kiwanda makini huongeza kobalti, inayosaidia umeme kupita kati ya chembe, na zinki, inayozuia gama isijitokeze. Kadimiamu nayo ilikuwa ikitiwa kwa kazi hiyo zamani, ila ina sumu.

Sasa joto. Betri ikiwa ya moto sana, umeme unaoingiza hauendi wote kwenye nikeli. Sehemu yake hupotea kwa kutoa oksijeni kutoka kwenye maji, na betri haijai sawasawa. Mwezi wa pili na wa tatu, chumba chenye paa la bati hapa kwetu si mahali pa kuchajia betri mchana. Mimi huchaji baada ya swala ya alfajiri, chaja iko sakafuni kwenye vigae na feni inaipuliza. Na chaja iwe ile inayosoma kila betri peke yake na kukata yenyewe volti inaposhuka kidogo, dalili kwamba imejaa. Zile zinazochaji betri mbili mbili, taa ikiwaka usiku kucha, ndizo zinazozalisha gama. Dada zangu, kama pesa haitoshi vyote viwili, anzeni na chaja.

Kilichonifanya nizipende hizi hasa ni utulivu wake zikiwekwa. Ramadhani hatuna harusi, begi hukaa kabatini. Mfungo mosi ukiingia na simu zikaanza kupigwa, nazitia kwenye flashi na zinafanya kazi bila kuchajiwa upya. Betri nyingine za kawaida za nikeli za kuchajiwa hupoteza chaji haraka, hasa kwenye joto.

Kasoro zipo. Volti yake ni 1.2, si 1.5, kwa hiyo maikrofoni yangu isiyo na waya huonyesha betri inakwisha mapema kuliko ukweli. Bei ni mara kadhaa ya betri za kutupa. Bandia pia zipo, kwa hiyo kagua maandishi ya pakiti kabla ya kulipa.

Ile nyeusi, Pro, ina 2500 mAh lakini pakiti yake hutaja mara 500 tu za kuchaji. Kwa anayepiga harusi kila wiki, chukua nyeupe, seti mbili, moja kwenye flashi na moja kwenye pochi.