Seti ya Mkaa wa Kuchorea kwa Anayeanza: Vijiti Vizuri, Karatasi Duni

Seti ninayoieleza hapa niliinunua kwa shilingi 38,000 katika duka la vifaa vya shule na ofisi jijini Dar es Salaam, nami nimeitumia karibu kila jioni kwa miezi miwili. Kisanduku kina vijiti 12 vya mkaa wa mti wa willow, vipande 4 vya mkaa ulioshindiliwa, penseli 3 za mkaa, ufutio laini wa kufinyanga na daftari la kurasa 20. Sikuwahi kufundishwa kuchora, isipokuwa ramani na sehemu za ua tulizochora shuleni kwa penseli, kwa hiyo tathmini hii ni ya anayeanza kwa wanaoanza.

Thamani ya seti hii imo katika vile vijiti. Matawi membamba ya willow huokwa ndani ya chombo kilichozibwa ili hewa isiingie, mpaka yawe mkaa mtupu usiotiwa gundi, na kwa sababu hiyo unga wake hukaa tu juu ya nyuzi za karatasi na hupanguswa kwa kitambaa kikavu. Kwa mtu ambaye mkono wake bado haujakaa sawa, huo ni msaada mkubwa, kwani ukikosea unapangusa na kuendelea kwenye karatasi ileile. Niliwahi kujaribu mkaa wa jikoni, nikiamini kuwa mkaa ni mkaa, lakini ule ni mgumu, una chembe zinazokwaruza karatasi, na weusi wake hutofautiana kipande kwa kipande.

Zoezi lililonifungua macho lilikuwa la kuchora yai moja lililowekwa juu ya kitambaa cheupe kando ya dirisha. Nilikilaza kijiti, nikapaka karatasi nzima kwa ubavu wake, nikausambaza mkaa kwa kipande cha flana mpaka pote pakawa kijivu, kisha nikaufinyanga ufutio kama donge la unga wa chapati hadi ukachongoka, nikaanza kuutoa mwanga kwa kugusa na kuinua, bila kusugua. Yai likajitokeza bila mstari hata mmoja. Hapo ndipo nilipoona kwamba sehemu yake ya chini kabisa haikuwa nyeusi kama nilivyodhani, bali ilikuwa na ukanda hafifu wa mwanga uliorudishwa na kitambaa. Penseli ya kawaida ilikuwa imenizoesha kuzungushia kila kitu mstari kwanza. Mkaa ulinifundisha kutazama kivuli kinapoanzia na kinapoishia.

Mkaa ulioshindiliwa ni jambo jingine. Huo ni unga wa mkaa uliochanganywa na gundi, una weusi mzito unaopendeza sana, lakini ukishaingia kwenye karatasi hautoki wote. Kisanduku hakina maelezo yoyote kuhusu tofauti hiyo, na ndivyo nilivyoharibu mchoro wa mtungi niliouhangaikia jioni mbili. Anayeanza autumie mwishoni tu, kwenye vivuli vizito kabisa.

Penseli hazikuniridhisha. Mbili zilikatika ncha kila nilipozitia kwenye kichongeo, na kuzichonga kwa kisu kulisaidia kidogo tu. Daftari ni baya zaidi, kwa kuwa uso wa karatasi zake ni laini mno, mkaa unateleza badala ya kushika, na ukilifunga kila mchoro unajipaka kwenye ukurasa unaoutazama. Nililiacha wiki ya pili, nikanunua karatasi zenye uso wa kukwaruza kidogo, za gramu 120 kwa mita ya mraba.

Dawa ya kupulizia ya kuushikiza mkaa haimo, na ni lazima kuitafuta kando. Ipulizwe nje, penye hewa, kwa umbali wa sentimita 30 hivi, kwa tabaka nyepesi zinazoachwa zikauke, huku ukijua kwamba sehemu za mwanga zitafifia kidogo. Dawa ya nywele, ambayo wengi huishauri kwa urahisi wa bei, siipendekezi, kwa sababu inaweza kuifanya karatasi igeuke manjano.

Naipa seti hii alama 3 kati ya 5. Muuzaji akikubali kukuuzia vijiti na ufutio peke yake, chukua hivyo tu, na fedha inayobaki inunulie karatasi.