Kifaransa mwaka wa pili: ununue nini kwanza, na nini ukiache dukani

Je suis mangé. Sentensi hii nimekutana nayo kwenye madaftari ya wanafunzi wa mwaka wa pili mara nyingi mno, hadi siku hizi nacheka kabla sijashika kalamu nyekundu. Mtoto alitaka kusema "nimekula". Alichoandika ni kwamba yeye ndiye analiwa.

Naanza na kosa hilo kwa sababu ndilo linaloamua pesa ziende wapi. Mwaka wa kwanza wa Kifaransa huwa salamu, rangi, jamaa wa nyumbani, siku za juma na vitenzi vya wakati uliopo. Mwenye kumbukumbu nzuri anapita bila jasho. Mwaka wa pili unaleta wakati uliopita, tena wa aina mbili, passé composé na imparfait, halafu wakati ujao, halafu vile viwakilishi vidogo vya le, la, lui, leur, y na en. Hapo ndipo sekondari nzima inapoanza kulia, na hapo ndipo wazazi wanapokimbilia duka la vitabu. Wengi hurudi na kamusi nene.

Nafundisha Kifaransa jioni, mwanafunzi mmoja mmoja, na kila muhula unapofunguliwa naulizwa "mwalimu, nimnunulie nini?" Mpangilio wangu ni huu. Cha kwanza ndicho cha kutolewa pesa mwanzo. Cha mwisho kinaweza kusubiri milele.

Nafasi ya kwanza: kitabu cha mazoezi ya sarufi, chenye majibu

Ukiwa na pesa ya kitu kimoja tu, chukua hiki. Tatizo la mwaka wa pili haliko kwenye kuelewa kanuni. Mwalimu akieleza darasani kila mtu anatikisa kichwa. Tatizo ni mkono: mwanafunzi hajaandika "je suis allé" na "j'ai mangé" mara za kutosha hadi vikae vyenyewe. Kitabu cha kiada cha shule kina mazoezi matano au sita kwa kila somo, na hayatoshi.

Ukikishika dukani, usisome jalada la nyuma. Fungua moja kwa moja ukurasa unaofundisha passé composé na imparfait pamoja. Kama mazoezi yote ni ya sentensi moja moja, "je … (manger) une pomme", kirudishe rafuni. Tafuta kile chenye aya nzima, ambapo mwanafunzi lazima achague: "Il (pleuvoir) quand nous (arriver)." Jibu ni "Il pleuvait quand nous sommes arrivés", yaani mvua ilikuwa ikinyesha tulipofika. Anayezungumza Kiswahili ana silaha hapa asiyoijua. Ile "ilikuwa ikinyesha" yetu ndiyo imparfait, na "tulipofika" ndilo tukio lililoikatiza, passé composé. Nikimwambia mwanafunzi aiseme kwanza kwa Kiswahili, mara nyingi anapatia kabla sijamaliza kueleza.

Hilo linanipeleka kwenye jambo ambalo wauzaji hawatakuambia. Vitabu vingi vya kujifunzia Kifaransa vimeandikiwa wanaozungumza Kiingereza, na vinatumia kurasa kibao kuwaondolea shida zao wao, si zako. Vinaeleza kwa kirefu kwa nini Mfaransa husema "j'ai faim", ana njaa, na "j'ai seize ans", ana miaka kumi na sita. Wewe ulishasema hivyo tangu utotoni: nina njaa, nina miaka kumi na sita. Vinaeleza kwa mshangao kwamba kiwakilishi cha mtendwa hukaa kabla ya kitenzi, "je l'ai vu". Nawe husema "nimemwona", na hiyo "mw" iko wapi? Kabla ya "ona". "Je lui donnerai le livre" ni "nitampa kitabu", mpangilio uleule. Kwa hiyo, kama mwanafunzi anajimudu kidogo, mpe kitabu kilichoandikwa chote kwa Kifaransa chepesi cha ngazi yake. Maelezo huwa mafupi, na nafasi inayobaki inajaa mazoezi.

Tazama ngazi kwenye jalada. Baraza la Ulaya lilitoa mwaka 2001 mfumo wa ngazi sita, A1 hadi C2, na wachapishaji karibu wote wanaufuata. Mwaka wa pili wa sekondari hukaa mwishoni mwa A1 na kuingia A2. Usinunue B1 kwa kuwa "atakua nacho". Hiki si kiatu.

Halafu majibu. Kuna vitabu vizuri sana, maelezo ukurasa wa kushoto na mazoezi wa kulia, ambavyo majibu yake huuzwa kwenye kijitabu cha pembeni. Uliza kabla hujalipa. Kitabu cha mazoezi kisicho na majibu, kwa mtoto anayesoma peke yake, kinamzoesha kukosea kwa mwandiko mzuri.

Nafasi ya pili: kitabu cha vitenzi

Hiki ni kitabu chembamba cha majedwali, kitenzi kimoja kwa ukurasa, nyakati zote. Jina linalojulikana zaidi ni Bescherelle, kutokana na Louis-Nicolas Bescherelle, mwanasarufi wa karne ya 19. Wafaransa wenyewe hulitaja jina hilo wakimaanisha kitabu chochote cha aina hiyo. Siri ya vitabu hivi iko nyuma, kwenye faharasa: unatafuta "apercevoir", unaelekezwa kwenye jedwali la "recevoir", kisha unabadilisha mzizi tu. Maelfu ya vitenzi yanabebwa na majedwali machache. Kitabu kisicho na faharasa ya namna hiyo ni orodha ndefu, achana nacho.

Ukikileta nyumbani, chukua penseli. Jedwali lina passé simple, subjonctif imparfait na nyakati nyingine ambazo mtoto hatazigusa mwaka huu, na wingi huo ndio unaomtisha. Zungushia zinazohitajika: présent, passé composé, imparfait, futur simple, conditionnel présent na impératif. Zilizobaki zisubiri. Kwenye futur simple ndiko kitabu hiki kinakojilipa, kwa sababu mizizi yake haibashiriki: être inakuwa ser-, aller inakuwa ir-, voir inakuwa verr-, envoyer inakuwa enverr-. Hakuna akili inayoweza kukisia hiyo ya mwisho.

Majedwali hayohayo yapo bure kwenye intaneti, tena sahihi. Bado nakiweka cha karatasi nafasi ya pili, kwa sababu nyepesi: mtoto anayefungua simu kutafuta "venir" anarudi baada ya dakika arobaini, na venir hajaiona.

Nafasi ya tatu: vitabu vya hadithi vya ngazi, vyenye sauti

Hapa sisemi riwaya za watoto wa Kifaransa. Wengi hudhani kitabu cha mtoto wa miaka minane wa Ufaransa kitamfaa kijana anayeanza, wananunua kwa nia njema, na ukurasa wa kwanza unamkuta na "il alla", "elle fit", "ils furent". Hiyo ni passé simple, wakati wa masimulizi ya maandishi, na mtoto wa Kifaransa ameizoea kwa kusomewa hadithi. Mwanafunzi wa mwaka wa pili hajafundishwa. Anadhani Kifaransa chote alichojifunza ni cha uongo.

Vitabu vya ngazi ni hadithi fupi zilizoandikwa au kurahisishwa kwa wanaojifunza, na jaladani zimeandikwa A1 au A2. Mwanafunzi asome ukurasa mmoja dukani akihesabu kwa vidole maneno asiyoyajua. Mkono mmoja ukiisha kabla ukurasa haujaisha, ashuke ngazi.

Sauti ni lazima. Kifaransa kinaandika herufi nyingi kisizozitamka: mange, manges, mange na mangent, kwa je, tu, il na ils, vyote vinasikika sawasawa. Wakati huohuo tofauti ya "ils ont" na "ils sont", wana na wako, imebebwa na z na s tu. Kwa jicho hutaipata. Sisi tuliozoea lugha inayotamkwa kama ilivyoandikwa ndio tunaoumia zaidi hapa. Mwanafunzi asikilize aya akiwa ameifunika, ndipo aifunue.

Kabla hujalipia sauti za ziada, onja za bure. TV5Monde, televisheni ya Kifaransa, ina mazoezi ya video yaliyopangwa kwa ngazi kuanzia A1. RFI, redio ya kimataifa ya Ufaransa, ina taarifa yake ya habari ya Kifaransa chepesi, dakika kumi, pamoja na maandishi yake. Hiyo chepesi ni chepesi kwa kipimo chao. Mwaka wa pili nampa mwanafunzi dakika mbili za mwanzo tu.

Nafasi ya nne: kamusi

Najua wengi walitarajia kuiona juu. Mimi mwenyewe mwaka wangu wa pili nilinunua kamusi ya Kifaransa kwa Kifaransa, nene, ya kuonea fahari. Nilitafuta neno moja, maelezo yakanipa manne nisiyoyajua, nikayatafuta hayo manne. Saa ikapita. Ile kamusi ilikuja kunifaa miaka minne baadaye.

Kwa mwaka wa pili chukua kamusi ya lugha mbili, ya ukubwa wa kati, ya lugha ambayo mwanafunzi anaisoma kwa wepesi. Jaribio langu ni neno moja tu: sortir. Lifungue. Kamusi nzuri itakuonyesha kwamba linachukua être na avoir, pamoja na mfano wa kila moja: "je suis sorti" na "j'ai sorti mon cahier". Ya kwanza ni nimetoka. Ya pili ni nimetoa daftari langu. Pale Kiswahili kinapobadilisha kitenzi, toka na toa, Kifaransa kinabadilisha kitenzi kisaidizi. Ni hivyohivyo kwa descendre: "je suis descendu", nimeshuka, "j'ai descendu la valise", nimeshusha sanduku. (Ngazi inakaidi: "j'ai descendu l'escalier", ingawa sisi tunasema tumeshuka ngazi. Kila kanuni ya Kifaransa ina ngazi yake.) Kamusi inayokupa "sortir: kutoka" na kunyamaza haistahili uzito wake kwenye begi.

Ipo pia kamusi ya Padre Charles Sacleux ya mwaka 1939, inayotoka Kiswahili kwenda Kifaransa. Ni hazina kwa mpenzi wa lugha, na kwa kazi ya nyumbani ya kesho asubuhi haisaidii kitu.

Nafasi ya tano: mwalimu wa ziada

Najiweka wa tano mwenyewe, msinionee huruma. Mwalimu wa tuisheni ni ghali kuliko vyote hapo juu, na saa moja kwa juma bila kitabu cha mazoezi katikati ni mazungumzo matamu yanayosahaulika. Anapanda hadi nafasi ya kwanza katika hali moja: mtoto anayejaza mazoezi vizuri lakini hafungui mdomo. Kitabu hakiwezi kumwuliza "et hier soir, qu'est-ce que tu as fait?", yaani jana jioni ulifanya nini, na kungoja. Katika somo la majaribio hesabu ni nani anayezungumza zaidi. Akiwa mwalimu, tafuta mwingine.

Mwisho: programu za simu za kulipia, na vitabu vya mtihani

Duolingo ya bure inatosha kama burudani ya kwenye foleni. Anki, ya kadi za maneno, ni bure kwenye kompyuta na Android. Kila nomino iandikwe na kiambatanishi chake, la clé, le livre, kama vile hujifunzi "ti" bila "m" na "mi". Kulipia zaidi ya hapo sijaona sababu. Programu nyingi humpa mwanafunzi maneno aguse, naye mwaka wa pili anahitaji kuyatoa mwenyewe kichwani.

Kama anaelekea mtihani wa DELF A2, wa cheti cha Kifaransa kwa wanaojifunza lugha hiyo, wenye sehemu nne za alama 25 kila moja, anapita kwa 50 mradi asipate chini ya 5 katika sehemu yoyote. Usinunue kitabu cha maandalizi kabla ya kupakua mifano ambayo France Éducation international, inayosimamia mtihani huo, inaitoa bure.

Kuhusu vitabu vilivyotumika: nunua bila hofu. Ukikuta cha zamani kimeandika "connaître" na kipya "connaitre", vyote viko sawa. Mabadiliko ya tahajia ya mwaka 1990 yaliruhusu kofia hiyo ya i iondolewe, na maandishi ya zamani hayakufanywa kosa. Kagua kitu kimoja tu. Kama mwenye kitabu wa kwanza alijaza mazoezi kwa penseli, una kazi ya kufuta jioni moja. Kama alijaza kwa kalamu ya wino, kiache, hata akikuambia majibu yake yote ni sahihi. Cha mwisho nilichofungua kilikuwa na "je suis mangé" ukurasa wa tatu.