Uzoefu wangu na AutoCAD Plant 3D: kasi ya kuchora mabomba huanza kabla ya bomba la kwanza

Kabla ya kuanza kutumia AutoCAD Plant 3D, programu ya kompyuta ya kusanifu mabomba ya viwandani kwa modeli ya pande tatu, nilichora mabomba kwa muda mrefu katika AutoCAD ya kawaida, ambamo bomba lilikuwa mistari miwili sambamba na vali ilikuwa bloku (alama iliyochorwa tayari) niliyoinakili kutoka mchoro wa zamani. Sasa ni miaka kadhaa tangu nihamie kwenye Plant 3D, na naandika tathmini hii kwa ajili ya mchoraji anayejiuliza kama programu hii itamwongezea kasi. Jibu langu ni kwamba itamwongezea, tena kwa kiasi kikubwa, mradi akubali tangu siku ya kwanza kwamba bomba analoliona kwenye skrini ni sura tu ya rekodi iliyohifadhiwa katika hifadhidata. Karibu kila usumbufu nilioupata ulitokana na kusahau jambo hilo.

Kila bomba, kiwiko, flanji (sahani ya kuunganishia mabomba kwa bolti) na vali ina rekodi yake yenye ukubwa, spesifikesheni (orodha ya vifaa vinavyoruhusiwa), namba ya laini, yaani ya mfululizo wa mabomba ambamo kimo, na maelezo ya kununulia. Kwa kawaida rekodi hizo hukaa katika mafaili ya SQLite, aina ya hifadhidata ndogo, ndani ya folda ya mradi, na timu kubwa inaweza kuzihamishia kwenye SQL Server, hifadhidata ya seva. Katika mradi wangu wa pili nilibadilisha jina la faili moja la modeli nikiwa nje ya programu, kama ambavyo mtu hubadilisha jina la barua au picha kwenye Windows. Nilipofungua mradi kesho yake, faili lile lilihesabiwa kuwa limepotea, kwa sababu mradi ulikuwa bado unalitafuta kwa jina la zamani. Tangu hapo siundi faili, silinakili, silibadilishi jina wala silifuti ila kupitia dirisha la kusimamia mradi lililomo ndani ya programu. Nakala za akiba nazo nazichukua kwa folda nzima ya mradi kwa wakati mmoja, michoro pamoja na hifadhidata zake, kwani kurudisha mchoro wa jana peke yake katika hifadhidata ya leo ni kuleta mgongano wa rekodi. Amri ya PLANTAUDIT husaidia kukagua na kurekebisha mchoro wenye kasoro za aina hiyo, lakini ni afadhali mtu asifike huko.

Sehemu inayostahili muda mwingi kuliko zote ni spesifikesheni ya mabomba. Huandaliwa katika kihariri cha pembeni, na humo ndimo mchoraji anapoamua, kwa mfano, kwamba mabomba ya hadi inchi 1½ yataunganishwa kwa soketi za kuchomelea, kwamba kuanzia inchi 2 yatachomelewa ncha kwa ncha, na kwamba flanji zitakuwa za klasi ya 150 (daraja la shinikizo) kwa kufuata ASME B16.5, kiwango cha Kimarekani cha flanji. Jedwali la matawi nalo huamua ni wapi itumike tii (kiungo chenye umbo la T) na ni wapi tawi lichomelewe moja kwa moja kwenye bomba kuu. Spesifikesheni ikiwa kamili, mchoraji huvuta laini tu, na viwiko vinajiweka kwenye kila kona. Akifika kwenye nozeli (mdomo wa kuunganishia bomba) ya pampu yenye flanji, programu yenyewe huweka flanji ya upande wa pili, gasketi na bolti zake. Spesifikesheni ikiwa na mapengo, kila pengo humsimamisha mtu katikati ya kazi.

Kuna mambo mawili katika spesifikesheni ambayo nimeona wengi wakiyapita haraka. La kwanza ni kipaumbele cha matumizi: pale vifaa viwili vya aina moja vinapogombea ukubwa uleule, kama flanji ya shingo (inayochomelewa ncha kwa ncha na bomba) na flanji ya kuvisha (inayovishwa juu ya bomba), ni lazima kusema kipi kitangulie, la sivyo programu itachagua ambacho mchoraji hakukitarajia. La pili ni maelezo marefu ya kila kifaa, ambayo huingia moja kwa moja katika orodha ya vifaa bila mtu kuyagusa tena. Kiwiko kilichoandikwa „kiwiko cha nyuzi 90“ bila unene wa ukuta wala aina ya chuma kitamfanya mnunuzi apige simu, na simu kumi za namna hiyo zinakula muda wote uliookolewa kwenye uchoraji. Vilevile, spesifikesheni moja hukaa katika mafaili mawili, lenye kiishilizi cha .pspx na lenye .pspc, na anayempelekea mwenzake lazima ampelekee yote mawili.

Katika uchoraji wenyewe, kasi yangu iliongezeka nilipoacha kuvuta laini kwa kukadiria kwa macho na kuanza kuandika umbali. Dira inayotokea wakati wa kuchora laini huelekezwa kwenye bapa jingine kwa kushikilia Ctrl na kubofya kulia, kwa hiyo mtu anaweza kutoka ulalo kwenda wima bila kugeuza mtazamo wala kuacha amri. Alama ya kujumlisha kwenye ncha ya bomba huendeleza laini ileile ikiwa na ukubwa, spesifikesheni na namba yake, nami huitumia badala ya kuanza bomba jipya na kujaza sifa upya. Amri ninazozitumia kila saa nimezipa herufi moja au mbili katika faili la acad.pgp, ili mkono wa kushoto ubaki kwenye kibodi.

Lakini umbali wa kuandika lazima ujulikane. Chukua laini ya inchi 6. Kiwiko cha mzingo mrefu cha ASME B16.9, kiwango cha viungo vya kuchomelea, kina milimita 229 kutoka katikati hadi ncha, na flanji ya shingo ya klasi ya 150 ina urefu wa milimita 89. Kwa hiyo flanji ikichomelewa moja kwa moja kwenye kiwiko, uso wake uko milimita 318 kutoka katikati ya kona. Viwiko viwili vikichomelewa pamoja vinatoa milimita 457 kutoka katikati ya kona moja hadi ya nyingine, wala si 458, kwa kuwa ile 229 ni 228.6 iliyokadiriwa. Milimita moja hiyo inatosha kuacha mwanya ambao jicho halioni lakini programu inauona. Nimeandika jedwali dogo la namba hizi kwa ukubwa ninaoutumia sana, kuanzia inchi 2 hadi 12, na ndilo karatasi pekee iliyobandikwa kando ya skrini yangu.

Redusa (kiungo cha kupunguza ukubwa wa bomba) isiyo na ulinganifu inahitaji uangalifu wa pekee. Bomba la inchi 6 lina kipenyo cha nje cha milimita 168.3 na la inchi 4 lina milimita 114.3, hivyo upande bapa unapowekwa chini au juu, mstari wa katikati huhama kwa milimita 27. Kwenye mabomba yanayolala juu ya fremu, ubapa huwa chini ili yote yaegemee kwenye kimo kimoja. Kwenye mdomo wa kufyonza wa pampu, mara nyingi huwa juu ili hewa isijikusanye. Programu itaiweka redusa, lakini uamuzi wa upande ni wa mchoraji, naye akishaigeuza na kusahau zile milimita 27, laini haitakutana na nozeli, na alama ya kiungo kilichoachana itajitokeza.

Kuhusu modeli kubwa, ushauri wangu ni mfupi: mitambo iwe katika faili lake, vyuma vya jengo katika lake, mabomba yagawanywe kwa maeneo, na kila mmoja aite mafaili ya wenzake kama marejeo ya nje. Kompyuta inapumua, na watu wawili hawasubiriani.

Michoro ya isometriki, yaani ya laini moja moja inayoonyeshwa kwa mshazari pamoja na vipimo vyake, ndiyo iliyonifanya nisirudi nyuma. Plant 3D huitoa kwa kutumia Isogen, programu ya kutengeneza michoro hiyo, ikiwa na vipimo, orodha ya vifaa na namba za vichomeleo, katika muda ambao zamani nilikuwa bado napanga karatasi. Mimi hutoa isometriki ya ukaguzi kwa kila laini siku ileile ninapoimaliza, kwa sababu mwanya wowote uliojificha kwenye modeli hujionyesha hapo: laini inakatika, au ncha inabaki wazi mahali palipopaswa kuwa na flanji. Kinachodai uvumilivu ni kuuweka muonekano wa karatasi hizo, kwani mipangilio yake ni mingi na kila mradi hupenda mpangilio wake. Tenga siku kadhaa mwanzoni, uihifadhi kama kiolezo, kisha usiiguse.

Tangu toleo la 2019, Plant 3D imekuwa miongoni mwa zana maalumu zinazokuja na usajili wa AutoCAD, kwa hiyo huenda tayari unayo bila kujua. Anayechora laini mbili tatu kwa mwaka, AutoCAD ya kawaida inamtosha. Kwa mwenye mabomba mengi, ningependekeza aanze na laini moja ambayo tayari imejengwa na michoro yake ipo, aichore upya katika mradi wa majaribio, kisha alinganishe orodha ya vifaa mstari kwa mstari. Aanze na bolti: kila kiungo cha flanji za inchi 6 za klasi ya 150 kinapaswa kumpa 8, na kikimpa idadi nyingine, aifungue spesifikesheni kabla ya kuchora laini ya pili.