Lenzi ya hamsini kwenye mnada wa samaki

Saa kumi na mbili kasoro asubuhi, chini ya paa la mnada wa samaki pale Feri, Dar es Salaam, lenzi iliyokuja na kamera yangu hainisaidii kitu. Ni ile ya milimita 18-55 ambayo karibu kila mwenye Canon ya kujifunzia anayo. Ukiivuta mpaka mwisho haifunguki zaidi ya f/5.6 (namba ya f ikiwa ndogo, tundu la mwanga ni kubwa), kamera inaomba sehemu ya 15 ya sekunde kupiga picha, na dalali wa samaki hatulii muda wote huo hata umlipe. Nikipandisha ISO, yaani usikivu wa kamera kwa mwanga, hadi 3200 kwenye 600D yangu ya mwaka 2011, picha inajaa chenga kama televisheni iliyopeperushiwa antena.

Ndiyo maana nikanunua Canon EF 50mm f/1.8 STM. Hesabu yake ni nyepesi: f/1.8 inaingiza mwanga karibu mara kumi ya f/5.6. Sehemu ya 15 inageuka kuwa sehemu ya 160, ISO ileile, na dalali anaganda mkono juu, samaki aina ya changu kamshika mkia, mdomo wazi katikati ya bei.

Nijitambulishe kidogo. Mimi ni fundi wa mafriji na viyoyozi. Kamera ni ya Jumapili. Lenzi hii niliipata mtumba Kariakoo. Muuzaji alianzia laki tatu na nusu, tukamalizana kwa laki mbili na elfu themanini. Ila ni hamsini yangu ya pili. Ya kwanza ilikuwa toleo la nyuma yake, lile la mwaka 1990 lenye pete ya plastiki ya kufungia kwenye kamera. Niliinunua jioni kwa mtu tuliyekutana kituo cha daladala, kwa pupa, bila kuikagua. Nyumbani nikamulika tochi ya simu kwa nyuma, nikaona nyuzi nyembamba kama utando wa buibui. Kuvu. Simu ya muuzaji haikupatikana tena, na sikuwa na wa kumlaumu ila macho yangu. Kwa hiyo ukienda kununua mtumba, tochi kwanza, bei baadaye. Ukanda wetu wa pwani una unyevu, na lenzi iliyokaa kabatini miaka miwili inaweza kuwa shamba.

Hili la unyevu ndilo ninaloweza kulisema kwa kujiamini kuliko mengine, maana ndilo linalonilisha. Ukitoka chumba chenye kiyoyozi na kamera ya baridi ukaifungua nje, kioo kinatoa jasho papo hapo, kama chupa ya soda iliyotoka kwenye friji. Watu wanapangusa kwa shati! Ifunge kwenye mfuko wa plastiki kabla hujatoka, iache humo nusu saa izoee joto. Matone yatajikusanya juu ya mfuko badala ya kioo. Nyumbani, lenzi zangu zinalala kwenye kopo la plastiki lenye mfuniko wa kubana, pamoja na vile vipakiti vya punje za kukausha vinavyokuja kwenye maboksi ya viatu.

Turudi kwenye lenzi. Ina gramu 160 hivi, pete yake ni ya chuma, na inakubali kusogea hadi sentimita 35 kutoka kwa kitu, wakati ile ya zamani ilikuwa inagoma kwenye 45. Kingine kinachoonekana Feri alfajiri ni taa. Tundu la ile ya zamani lina visu vitano vya kulifungia, hivyo ukilibana kidogo kila balbu ya nyuma inakuwa pembe tano. Hii ina saba, na balbu zinakaribia duara. Jambo dogo, lakini mimi linanifurahisha.

Sasa madhaifu. Kwenye giza fokasi, yaani kutafuta ukali wa picha, inakwenda mbele na kurudi kama mtu anayetafuta funguo chini ya kitanda, huku ikinguruma kidogo. Mimi natumia nukta ya fokasi ya katikati peke yake, naielekeza mahali rangi mbili zinapokutana, ukingo wa kofia na paji la uso, na mara nyingi inashika. Pete ya kufokasi kwa mkono haifanyi kazi kamera ikiwa imezimwa, na shingo ya mbele inatoka nje ikifokasi karibu; ukiigonga hapo, usinilaumu. Kwa video sina la kuisifu, kwa kuwa 600D haifuati fokasi yenyewe ikirekodi.

Halafu kuna ulevi wa f/1.8. Wiki za mwanzo nilifungua tundu lote kwa kila kitu. Kwa kamera kama yangu, mtu akiwa mita moja na nusu mbele yako, eneo kali halizidi sentimita sita hivi. Akigeuza uso kidogo, jicho moja linachoma na la pili limeyeyuka. Siku hizi uso wa mtu naupiga f/2.8, wawili f/4, na f/1.8 naiwekea akiba ya giza.

La rangi ya ngozi lilinichukua muda mrefu zaidi. Kipimo cha mwanga cha kamera kinataka kila picha iishie kwenye kijivu cha wastani. Mvuvi mweusi akisimama na bahari inayong'aa nyuma yake, kamera inaihurumia bahari na kumfanya yeye kivuli. Hapo naongeza hatua moja, yaani mwanga mara mbili. Lakini uso huohuo ukiujaza kwenye fremu, kamera inauona ni giza, inaumwagia mwanga, na mtu anatoka kama aliyepakwa majivu. Hapo napunguza theluthi mbili za hatua. Kichwa kimoja, dakika moja, marekebisho mawili yanayopingana.

Na hamsini haina zumu. Kwenye 600D, ambayo kihisi chake ni kidogo, inabana picha kama lenzi ya milimita 80, kwa hiyo sebuleni kwa shangazi sikuweza kupata wageni wa arusi wote hata nilipoubandika mgongo ukutani. 18-55 bado ipo mkobani kwa ajili ya hayo. Feri ni kinyume: inabidi nimsogelee mtu, na ukimsogelea mtu huwezi kuacha kumsalimia. Wapaa samaki wengine wanakataa, naondoka. Wengine wanasema nunua kwanza, nanunua vibua.

Yule dalali nilimchapishia picha yake, ukubwa wa saba kwa tano, nikampelekea Jumapili iliyofuata. Nikamwambia, "Shikamoo mzee, mzigo wako huu." Akaitikia, akaishika kwa ncha za vidole vyenye magamba, akaitazama sana. Ilikuwa ya zile wiki za f/1.8.

"Marahaba. Nzuri, kijana wangu," akasema. "Lakini changu umemtoa vizuri kuliko mimi."