Gata za kubandika kwenye gari ya paa la kutoa, nimekaa nazo masika yote

Kama una gari ya paa la kutoa hapa Dar hii stori unaijua. Mvua imepiga usiku kucha, asubuhi imekata, jua limeanza kuchungulia, unafungua mlango taratibu kama mtu mwenye akili zake, na maji yote yaliyokuwa yamejilaza kule juu yanashuka kwa pamoja, chwaaa, juu ya siti. Hata hujaingia bado. Ukikaa umekaa kwenye dimbwi, na kama siku hiyo ulivaa suruali ya kijivu huko ofisini utajieleza mwenyewe.

Mi nilivumilia hivyo miaka miwili. Gari niliitoa yadi ikiwa imeshatumika, aina siitaji maana sina ugomvi na aliyeitengeneza, ni ile jamii ya gari za porini ambayo paa linatoka vipande vipande, cha juu ya dereva na cha juu ya abiria unavitoa kwa mkono, kile kikubwa cha nyuma kinataka watu wawili na spana. Kiangazi ni raha tupu, Jumapili jioni unatoka Kigamboni upepo wa bahari unakupiga utosini na watoto huko nyuma wanapiga kelele kama wako kwenye boti. Masika ndo unailipia hiyo raha.

Kilichonifanya nitoe hela ni mama mkwe. Tulienda kumpokea stendi ya Magufuli, katoka Moshi amekuja kwenye sendofu, kapendeza, kitenge kipya na kilemba juu, na mvua ilikuwa imekata kama dakika tano tu. Nikakimbia kumfungulia mlango kama mkwe mwenye adabu. Maji yakamshukia begani, mengine yakaenda kukaa kwenye siti yanamsubiri. Akaangalia juu, akaangalia siti, akaniuliza kwa upole kabisaa, "Baba, hii gari umeshamaliza kuilipia?" Mke wangu kageuka pembeni mabega yanamtikisika. Nami nikacheka lakini moyoni nimeshazikwa.

Sasa hapa ndo watu wengi wanapigwa hela, kwa sababu hii sio kuvuja. Gari inayovuja inakulowesha hata kila kitu kikiwa kimefungwa, unakuta kapeti linanuka, maji yamekusanyika chini ya miguu mpaka utafute vile vizibo vya kwenye sakafu uyatoe. Yangu ikifungwa ni kavu. Nimeipima, nimekaa ndani na tochi, mtoto wa dada yangu yuko nje anamwagia na mpira dakika kumi nzima, hamna hata tone. Nikapima na raba za mlango, unabana karatasi kwenye mlango unafunga afu unaivuta, ikitoka kirahisi ujue raba imechoka sehemu hiyo. Yangu ilikuwa inang'ang'ania kote. Kwahiyo raba nzima, paa zima, na bado nalowa.

Tatizo ni kwamba hamna gata. Angalia Land Cruiser mkonga au zile Land Rover 110 za zamani, juu ya milango kuna ule ukingo umezunguka, watu tunaona kazi yake ni kufungia keria lakini kazi yake ya kwanza ni maji, yanayotoka juu ya paa yanadakwa pale yanapelekwa mbele au nyuma, mlango ukifunguliwa hayakuhusu. Hizi gari ndogo za kisasa nazo zina njia ya maji, ila imefichwa kwenye ule mwanya kati ya mlango na bodi ndo maana hatuioni. Paa la kutoa sasa limekalishwa tu juu ya raba likabanwa, na mlango unakuja kuishia pale pale chini ya ukingo wake. Maji yanateleza mpaka mwisho wa paa, yanashika ule ukingo kwa chini, yanaegemea raba ya mlango. Kinachoyazuia ni mlango wenyewe. Ukiufungua umefungua bomba.

Na kuna kitu nilikuja kukigundua baadae sana, kwanini abiria analowa kuliko dereva. Barabara zimejengwa na mgongo katikati ili maji yaende pembeni, na sisi tunaendesha kushoto, kwahiyo ukisimama kando ya barabara gari imeinamia kushoto na paa nalo limeinama, maji yanaenda upande wa abiria. Mama mkwe hakuwa na nafasi kabisa, na mkosi sio wake ni wa lami.

Kabla sijajua haya yote nilimpelekea fundi mmoja. Kaangalia sekunde tano, "bosi hapa tunapiga silikoni tu." Akapiga. Kapiga kwenye maungio ya paa, kazungusha kila mahali inang'aa, hela nikatoa. Mvua iliyofuata maji kama kawaida, maana kwenye maungio hakukuwa na tatizo lolote, na kiangazi kilivyofika nataka kutoa paa haliachii, limegandana na raba, kulivuta raba ikachanika kipande. Kama kuna kitu kimoja utakichukua kwangu kichukue hiki, usikubali silikoni kwenye paa lililotengenezwa litoke.

Haya twende kwenye gata zenyewe. Ni vipande viwili vya raba nyeusi, kila kimoja kama mita moja na nusu, vina mdomo umepinda juu kama ukucha na nyuma gundi ya pande mbili yenye karatasi nyekundu ya kubandua. Hazina jina la kampuni, kiboksi kina picha ya gari nyingine kabisa. Kariakoo duka la kwanza waliniambia 60,000, la tatu nikachukua kwa 35,000, na nina uhakika yupo atakayesoma hapa aniambie nimepigwa.

Kubandika ni kazi ya saa moja lakini maandalizi ndo yanaamua. Paa lioshwe, likauke kabisa, afu ufute na spiriti pale gundi inapokaa, maana sisi wa karibu na bahari magari yetu yana ule utando wa chumvi hata kama huuoni. Usibandike kimshazari hovyo, mi nimeinamisha kidogo kuelekea nyuma ili maji yakamwagikie nyuma ya mlango, ukiinamishia mbele yanashukia kwenye nguzo ya kioo yanarudi palepale ulipoyakimbia. Na kwenye yale maungio ya vipande vya paa USIPITISHE mzima mzima. Kata pale kwa wembe, uache mwanya mwembamba kama unene wa kadi ya benki, la sivyo siku unataka kutoa paa itabidi ubandue gata yote. Baada ya hapo gari ilale ndani siku moja isiguse maji, mi niliilaza kwa jirani mwenye kibanda cha bati.

Matokeo sasa. Ule mmwagiko mkubwa umeisha, naongea toka mwezi wa tatu mpaka wa tano, mvua zile za kufunga barabara ya Jangwani kwa mafuriko, nafungua mlango na siti kavu. Kwa hilo tu hela yangu imerudi. Lakini asikudanganye mtu kwamba hutalowa kabisa. Mlango wenyewe ule ukingo wa juu unabaki na maji, ukiingia kwa haraka yanakudondokea kwenye paja matone mawili matatu, na dawa yake ni kufungua, kuhesabu mpaka tatu, ndo uingie. Ukipaki pua imeangalia chini kwenye mteremko maji yanaipita gata yanakuja mbele, hapo haikusaidii. Na ukifunga breki ya ghafla baada ya mvua yaliyobaki juu yanashuka yote kwenye kioo, kwahiyo waipa ziwe tayari, mara ya kwanza nilidhani nimemwagiwa ndoo.

Kero nyingine, ukifika 90 hivi Bagamoyo Road inapiga kamluzi upande wa dereva, mke wangu anasema haisikii mi naisikia mpaka usingizini. Kona ya nyuma kushoto imeanza kubanduka mwezi wa nne, na najua sababu, kijana wa kuosha gari aliipiga presha kwa karibu. Sa hivi nikifika pale namwambia kabisa, "mdogo wangu, juu tumia sponji." Na ukiwa unazipaka kitu raba za milango zisikauke na jua tumia ile spreyi ya silikoni ya raba, spreyi sio ile ya kwenye tyubu aliyonipaka fundi, na grisi ya kawaida usiguse, raba za hivi zikila mafuta ya petroli zinavimba zinalegea, afu utarudi kulalamika gata mbovu.

Naipa nne kwa tano, hiyo moja nimeikata kwa ajili ya mluzi. Nimebakiwa na kipande kama sentimita 20, nakitafutia nafasi juu ya mlango wa nyuma, maana kule maji yanamwagikia kwenye buti kila nikitoa mabegi ya watoto.