Chartres: nilikwenda kuona kanisa, nikakuta mafundi viatu wenzangu

Nianze na hela, maana ndizo zilizoniuma. Wakala wa safari niliyemlipa hapa Posta aliniandikia "kiingilio cha kanisa kuu, euro 15". Nafika Chartres, mji wa Ufaransa, mlango uko wazi, mabibi wanaingia na vikapu vyao vya sokoni, hakuna anayedaiwa hata senti. Kinacholipiwa ni kupanda mnarani. Mpwa wangu anayeishi Paris alicheka mpaka akakaa kwenye ngazi. "Mjomba, umepigwa Dar, hujapigwa Ulaya."

Kwa hiyo msinunue kifurushi. Pandeni treni Montparnasse, stesheni ya Paris. Ni kilomita 90 hivi, saa moja na kidogo. Minara mtaiona kwa mbali, inachomoza juu ya mashamba ya ngano, na haifanani. Nilidhani waliishiwa hela. Kumbe wa kulia ni wa karne ya 12, na wa kushoto kilele chake kiliungua kwa radi mwaka 1506, wakakijenga upya kwa manakshi mengi na kumaliza 1513. Mimi naupenda ule wa kulia, usio na mbwembwe.

Nasali Mtakatifu Yosefu, pale karibu na feri, kwa hiyo matao yaliyochongoka hayakunishangaza. Vioo ndivyo vilivyonimaliza. Ile buluu si ya kanga wala ya turubai. Unatoka juani, hujaona kitu, halafu inawaka juu yako taratibu. Vingi ni vya karne ya 13, baada ya moto wa 1194. Wakati wa Vita Kuu ya Pili walivishusha vyote wakavificha.

Sasa nisikilizeni. Kila mtu pale anatazama juu. Mimi ni fundi viatu, Mtaa wa Kongo, mwaka wa 22 huu, na nawaambia tazameni chini. Upande wa kulia ukiingia kuna dirisha la Msamaria Mwema, na sehemu ya chini kabisa wamechorwa mafundi viatu wakiwa kazini. Kiatu mkononi, mgongo umepinda vilevile kama wangu. Nilisimama hapo mpaka mpwa akaenda kunywa kahawa akarudi. Madirisha mengine yana waoka mikate, maseremala, wauza samaki. Wafalme wapo, lakini wale sikuwajua.

Kasoro: ule mzunguko mkubwa wa sakafuni, njia ya kupindapinda ambayo watu huitembea wakisali, karibu mita 13 upana, nilikuta umepangwa viti juu yake. Hufunguliwa Ijumaa, kuanzia Kwaresima. Mimi nilipelekwa Jumanne. Kuta nazo zimesafishwa zikawa rangi ya maziwa, wenyewe wanagombana kuhusu hilo. Na sanamu ya Bikira Maria wa Nguzo, iliyojulikana kwa weusi wake, imesafishwa ikawa nyeupe. Hapo sikufurahi, nisiseme uongo.

Mkimaliza, shukeni mpaka mto Eure mkaone mabanda ya zamani ya kufulia nguo. Njia ni ya mawe, inateremka kweli. Vaeni soli ya mpira, visigino acheni hotelini.

Nyota nne, ya tano kaila wakala. Nilipomrudia alisema zile euro 15 ni za "huduma". Juzi kaleta kiatu chake kiwekwe soli. Nimemtajia bei ya soli, nikaongeza kiingilio cha kibandani.